Uso wa Sekela Shingoni mwa Chungu

Zamani hizo chungu kilikuwa laini toka mdomoni hadi kitakoni, na mtoto mzuri aliitwa mzuri mbele ya kila mtu. Msinikodolee macho. Watu walikuwa hawajajifunza kuogopa sifa.

Sekela na Tupokile walikuwa wake wa bwana mmoja, wote wafinyanzi. Vyungu vya Sekela, mke mkubwa, viliagizwa hadi ng'ambo ya mto. Alipoolewa Tupokile, wateja wakawa wanapita mlangoni kwa Sekela bila hata kugeuza shingo. Mwaka haukuisha, Tupokile akajifungua binti wa kupendeza. Sekela hakuwa na mtoto. Wivu ukamkaba, hata ugali haupiti.

Sasa, desturi ilikuwa hivi: mke mdogo aliyejifungua atoe chungu kizima motoni, mtoto aogeshwe kwa maji yake, ndipo mama ampe jina. Vikipasuka vyote, jina hutoa mke mkubwa. Sekela alishaandaa la kwake: Mkosi.

Tupokile akafinyanga vyungu sita, akavianika uani, akaingia ndani kunyonyesha. Sekela akapita. Vitano akavichora ufa kwa ukucha, ndani kabisa, kusionekane kitu. Akafika kwenye cha sita. Kilikuwa kizuri mno, udongo bado mbichi. Hasira zikampanda. Akakivuta shingo, akakitia uso mbaya: pua kama kiazi kikuu, macho yamekitoka, mdomo umekwenda upande, ulimi nje. Kwa hasira ile akasahau kukitia ufa.

Siku ya kuchoma vyungu, wanawake walikiona, wakashika mbavu. "Hicho chungu, au shemeji wa mtu?" Tupokile alilia, lakini muda wa kufinyanga kingine hakuwa nao. Akakitia motoni na ulimi wake.

Vitano vikapasuka, pa, pa! Majivu yalipopoa, kikabaki kile kibaya. Mama mkwe akakigonga, kikalia vizuri. Akakitazama, halafu akamtazama mkwewe mkubwa.

"We Sekela, mbona umehamia kwenye chungu cha mwenzio?"

Kweli, ulikuwa uso wake mtupu.

Mtoto akaogeshwa. Sekela akasogea kumtazama, macho yanawaka. Tupokile akamfunika upesi. "Usijisumbue, bi mkubwa. Kabaya haka, kana sura ya chura. Na jina lake ndilo hilo, Chura." Jina la kweli alishamnong'oneza mwanawe sikioni. Sekela akatafuta cha kuonea wivu, akakikosa, akaenda zake.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu hakuna chungu kinachoingia motoni bila sura iliyopinda shingoni. Na ukienda kumwona mzazi, unasema, "Kabaya hako!" naye anakushukuru. Ukisifu, hupewi mtoto kumpakata.

Ila mimi jambo moja linaniuma hadi leo. Nimefinyanga miaka arobaini, na kila chungu nakitia uso wa Sekela. Wangu mimi nani ataujua?