Tabibu Aliyebaki na Majeruhi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na tabibu mchamungu, jina lake Mudriki bin Hazimu, aliyefuatana na jeshi la Waislamu hadi bonde moja la mbali. Hakubeba upanga. Alibeba kiriba cha maji, vitambaa na sindano ya kushonea majeraha, na mara nyingi alionekana akitambaa chini ya mishale ili amvute mtu aliyeanguka.

Siku moja vita viliwageukia. Amiri akaamrisha jeshi lirudi nyuma kupitia njia ya milimani. Wanyama waliobaki hawakutosha kuwabeba majeruhi wote, basi walioumia vibaya wakaachwa ndani ya zizi la mawe.

"Panda, Mudriki," akasema amiri. "Hawa wameshakuwa wa Mola wao. Tabibu akifa, nani atawatibu walio hai?"

Mudriki alijua kwamba maneno yale yana haki ndani yake. Nafsi yake ilitamani kupanda; alimkumbuka mkewe, na bintiye ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Mara akasikia mtu anakohoa zizini.

"Hawa nao wangali hai, ewe amiri," akajibu. Jeshi likaondoka.

Miongoni mwa majeruhi alikuwamo mpiga mishale aitwaye Usaidi, aliyechomwa mkuki tumboni. Akauliza, "Wamekwenda kutuletea farasi?"

Wenzake wakageuzia nyuso ukutani. Kusema ndiyo kulikuwa kwepesi. Mudriki akapiga magoti kando yake.

"La, ndugu yangu. Wamekwenda, na hawarudi. Na jeraha lako sina dawa yake. Lakini mimi nipo, wala siondoki."

Usaidi akaitazama mikono ya tabibu. "Mikono yako inatetemeka."

"Naogopa."

"Basi nishike hivyo hivyo."

Akamshika mpaka Usaidi alipotamka shahada na roho ikatoka.

Maadui walipofika alasiri, walimkuta Mudriki akimfunga mtu mwingine kidonda. Jemadari wao akamwekea upanga shingoni. "Mbona hukukimbia?"

"Huyu bado anavuja damu," akasema Mudriki, na vidole vyake havikuacha kufunga.

Jemadari akamtazama akimaliza kufunga, kisha akaurudisha upanga alani na kuwaamuru watu wake wapite.

Mvua ikanyesha, homa ikaingia zizini. Baada ya majuma kadhaa Mudriki alirudi kwao amekonda, akifuatana na watu wachache wanaochechemea. Watu wakamsifu, wakamuuliza amewaokoa wangapi. Akalia. "Wengi niliwazika tu," akasema.

Enyi ndugu, wapo majumbani mwetu wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Tunawapa maneno matamu mlangoni, kisha tunakwenda zetu. Mja yule hakuwa na dawa wala maneno matamu. Aliwapa ukweli, akakaa nao. Ewe Mola, turuzuku subira ya kukaa.