Mkanda wa Mzee Sufiani

Jiwe hunoa wembe, ngozi huutuliza. Mama yenu alimwambia baba yenu maneno hayo asubuhi hii, baba yenu alipokuwa akimfokea Rukia kwa kuunguza maharage, naye akaacha kufoka, akatoka nje. Sasa mnanitazama mimi, mnataka kujua wembe umeingiaje kwenye sufuria ya maharage. Basi kaeni. Na wewe Rukia futa machozi, maharage yataliwa hivyo hivyo. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia katika nyumba yangu.

Babu yenu Hatibu alikuwa kinyozi hapa Kondoa, ana kibanda chake nyuma ya soko. Alitumia wembe wa kukunja, ule mrefu unaolala ndani ya mpini wake, na kila asubuhi aliunoa kwa kinoo, jiwe alilorithi kwa mjomba wake. Alijivunia makali yake kuliko alivyonijivunia mimi, na wakati ule nilikuwa mzuri, msicheke. Aling'oa unywele mmoja, akaupitisha kwenye makali, ukakatika. Hata hivyo wateja walitoka kibandani wakijipapasa mashavu kama watu waliopigwa kofi. Jiwe likishanoa huacha vijinywele vya chuma kwenye makali. Macho hayavioni, lakini shavu linavijua.

Baba yangu, Mzee Sufiani, alikuwa fundi wa ngozi. Alishona viatu na matandiko ya punda, na ngozi aliijua kama mimi ninavyoujua unga. Hakumpenda babu yenu. Alinyolewa naye mara moja tu, siku ya harusi yetu, akatokwa na vipele shingoni wiki nzima. Tangu hapo hakumtaja kwa jina. Alimwita "kinyozi", basi, kama mtu anayetema kokwa.

Nikajifungua baba yenu. Kwetu mtoto hunyolewa siku ya saba, mbuzi akachinjwa na jina likatangazwa. Siku ya tatu baba yangu alikuja kumwona mjukuu wake, akasema wembe ule hautagusa utosi laini kama ule, ataitwa kinyozi mwingine. Hebu fikirini: kinyozi, na mwanawe wa kwanza ananyolewa na mtu mwingine mbele ya mji mzima. Nani angekaa tena kwenye kiti chake? Mkwe hajibiwi, lakini siku ile babu yenu hakula.

Alijua kwamba dawa ni ngozi. Vinyozi wa zamani, wakishanoa kwa jiwe, huupitisha wembe juu ya ukanda wa ngozi mpaka makali yatulie. Fundi wa ngozi alikuwa baba mkwe wake, nyumba ya nne kutoka kwetu, lakini kiburi kikamzuia kwenda kumwuliza. Akachukua ngozi ya ng'ombe wa Idi iliyokuwa darini, akakata ukanda, akaupigilia kwenye ubao, akaupaka mafuta. Akaupitisha wembe juu yake siku nzima, kisha akauviringisha katika kipande cha ngozi hiyo hiyo, auhifadhi. Alisahau kitu kimoja: ngozi ile tuliitia chumvi isioze.

Siku ya tano asubuhi, makali yalikuwa na vidoadoa vya kutu. Babu yenu alikaa chini sakafuni. "Zaituni," akaniambia, "nimemharibia mwanangu siku yake." Nililia kumwona vile. Nilimpenda sana yule mtu, na hata sasa kaburini mwake nampenda.

Nikamwambia aende kwa baba. Akaenda, ubao ameuficha ndani ya kanzu kama mwizi wa kuku. Mama yangu aliyekuwapo alinisimulia yaliyofuata. Baba aliupokea ule ubao, akaulamba ukanda kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Nani alikufundisha kuulisha wembe chumvi?"

"Hakuna aliyenifundisha, Baba. Ndiyo maana nimekuja."

Baba akaubandua ule ukanda wa chumvi, akautupa. Kisha akasimama, akafungua mkanda wake mwenyewe kiunoni. Aliushona ujanani akauvaa zaidi ya miaka ishirini, ukalainika kwa mafuta na kwa kuinama kwake kazini. Akakata kipande kirefu, akakigundisha juu ya ubao, upande laini juu. Wakaondoa kutu kwa kinoo, halafu akamshika babu yenu mkono, akamwonyesha: mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate nyuma, na usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Babu yenu akapitisha mara sitini kwenda na sitini kurudi, mzee akihesabu.

Siku ya saba watu walijaa uani. Baba yangu akaingia, suruali ameifunga kwa kamba ya katani, akaketi kwenye kiti cha kunyolewa. "Naanza mimi," akasema. "Ukinikwaruza, mtoto hanyolewi." Babu yenu akamnyoa kichwa kizima. Nilikuwa nimempakata mtoto, nakodolea macho shingo ya baba, nikingoja akunje uso. Mzee alifumba macho. Baada ya muda akaanza kukoroma. Watu wakacheka, akazinduka, akajipapasa kichwa mbele na nyuma.

"Mnyoe mjukuu wangu, Hatibu," akasema.

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu harusi kumsikia akilitaja jina hilo. Baba yenu alinyolewa amelala, hata kope hakutikisa. Wageni wakamwuliza mzee nini kimebadilika kwenye wembe ule. Akajibu kwamba makali kijana alikuwa nayo siku zote, ila jiwe hunoa wembe, ngozi huutuliza. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, lakini sote tulimsikia: "Nami kwake nilikuwa jiwe miaka miwili, kumbe ngozi ninayo kiunoni."

Maneno hayo yalifika sokoni kabla nyama ya mbuzi haijaiva, na ubao wenyewe uko juu ya kabati langu. Kwa hiyo mama yenu hakumtukana baba yenu. Alimkumbusha kichwa chake mwenyewe kilichonyolewa siku ile. Hebu sikilizeni, mlango umefunguliwa. Ndiye baba yenu huyo anarudi, ana maandazi kwenye gazeti, anajifanya ameyanunua kwa ajili ya kila mtu, si kwa ajili ya Rukia. Nenda kampokee, Rukia, na usimwulize kitu. Jiwe hunoa wembe, mjukuu wangu, ngozi huutuliza.