Siku Bahari Ilipovishwa Bafta

Kaeni vizuri, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana kisa hiki hakipendi kukatizwa. Zamani hizo bahari haikuwa na povu. Upepo ulikuwepo, tena mkali kuliko huu tunaoujua, lakini ulipopita juu ya maji uso wa bahari ulibaki laini kama mafuta kwenye sinia. Maji yalipanda na kushuka kwa siri, bila kuonyesha jino. Mtu angetazama akasema leo shwari, akatweka tanga, akaondoka. Uongo wa shwari ile angekuja kuugundua mbele ya safari, naye asirudi kutusimulia.

Katika kisiwa cha Shungu watu walikuwa na mila iliyozaliwa na hofu hiyo. Kila mwanamume aliyetaka kuvuka kwenda bara alipeleka kwanza sanda yake kwa Mize binti Kombo, aliyerithi kazi ya kuzitunza kwa mama yake. Sanda yenyewe ilikuwa kitambaa cheupe cha bafta, na pembeni ilifungwa ukindu uliotiwa rangi, kila mtu na rangi yake, zisije zikachanganyika. Akirudi salama huchukua bafta yake na kumwachia Mize samaki wawili. Asiporudi, bafta hubaki kashani mwa Mize, kwa kuwa bahari ya siku zile haikuwa na tabia ya kurudisha maiti. Mize alikuwa nazo kumi na tisa. Ya chini kabisa, yenye ukindu wa manjano, ilikuwa ya baba yake. Watu walimsifu kwa uaminifu, naye alilichukia lile kasha kwa moyo wake wote, ingawa hakukosa kulifuta vumbi kila Ijumaa.

Sasa sikilizeni kosa la watu wa Shungu, maana kila kijiji kina lake. Kisiwa kilikuwa na kilima katikati. Nyumba na vyombo vya kusafiria vilikuwa pwani ya ndani, nyuma ya kilima, na huko ndiko walikoupimia upepo. Nahodha alisimama mchangani, akatazama moshi wa jikoni kwake, na moshi ukipanda moja kwa moja alisema twendeni. Hakuna aliyejisumbua kupanda kilima aone pwani ya nje. Na angeona nini? Bahari ilikuwa laini huku na huku. Basi waliupima upepo pale pale ambapo kilima kiliuzuia, kama mtu anayeuliza habari za mvua akiwa chini ya paa.

Mize aliolewa na Faki, fundi wa majamvi, mtu wa maneno machache na haraka nyingi. Miaka mitatu hakuwa amevuka. Mwaka wa nne mahindi yaliadimika kisiwani, na asubuhi moja Faki alipakia majamvi yake kwenye mashua pamoja na wenzake wawili, kisha akaja mlangoni na bafta yenye ukindu mwekundu. Aliinyoosha tu mikono, kama mgeni mwingine yeyote.

Mize alimwomba angoje kesho. Faki alimwonyesha moshi wa jikoni kwao, uliosimama wima kama mlingoti, akasema mke wake ni mtu wa wasiwasi, na wasiwasi haujapata kumshibisha mtu. Akaenda zake.

Mize alikuwa na desturi: kila ilipoingia sanda mpya alizitoa zote, akazipeleka chini ya kilima, upande wa nyumba, kuzianika zisipate ukungu. Siku ile alijitwisha furushi na kupanda mpaka kileleni aitazame mashua ya Faki, machozi yakimtoka bila ya yeye kuyaruhusu. Alipofika juu na kulitua, upepo ulimvua mtandio kichwani ukaenda nao. Minazi ya upande wa pili ilikuwa imepinda, makuti yote yameelekea upande mmoja. Na chini yake bahari ilikuwa imetulia, laini, yenye adabu zake.

Hapo ndipo alipoelewa. Moshi haukuwa umesema kweli hata siku moja. Ulisema habari za jikoni tu. Na Faki alikuwa anaizunguka rasi ya kisiwa, njia ya kwenda bara. Punde angetoka kwenye kivuli cha kilima na kukutana na upepo huu, tanga lake likiwa wazi lote. Kupiga kelele hakungemfikia. Mize alishuka pwani ya nje na furushi lake, akaingia majini mpaka magotini, akaiuliza bahari kwa nini inawaua watu kwa uso wa kirafiki.

Bahari ikasema kwa sauti ya chini, "Upepo unanipiga, mama. Unanipiga tangu dunia iumbwe. Lakini nilifunzwa kwamba mwenye heshima zake hapigi ukelele watu wakasikia."

Maneno hayo Mize alikwisha kuyasikia, tena kwa wanawake wenzake, si kwa bahari. Hasira ikampungua. Alisema, "Sitara ni kitu chema. Lakini hii yako imenijazia kasha. Ukipigwa, onyesha, ili watu wakae mbali."

Bahari ikajibu kuwa haina cha kuonyeshea, haina hata kitambaa. Basi Mize akafungua furushi.

Walipatana hivi. Upepo ukiwa wa kupapasa tu, bahari isivae kitu, iachie maji yajikunje kidogo yaonekane yameguswa. Ukiongezeka hata tanga likavimba, itoe bafta moja hapa na nyingine kule, mbali mbali, ili nahodha ajue ni wakati wa kupunguza tanga. Na ukifika wa kupindisha minazi, ivae zote, asibaki mtu wa kusema hakuona. Mize akaanza kuzitupa moja moja, kila moja akiita jina la mwenyewe. Ya manjano aliitupa akasema, "Baba." Mawimbi yalizipokea, yakainuka nazo, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe bahari ilionekana jinsi inavyojisikia.

Ikabaki ya Faki. Kuipa bahari sanda ya mume aliye safarini, si ni kumkabidhi mwenyewe? Aliishika kifuani mpaka ikalowa. Halafu akaitupa kwa nguvu zake zote kuelekea rasini.

Huko rasini, Faki alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye kivuli cha kilima. Aliona mbele yake maji yamejaa weupe, akadhani ni ndege, akadhani ni nguo zimepeperushwa kambani. Wenzake walimwambia ni ajabu tu, waendelee. Kisha wimbi moja likaja likimwelekea yeye, juu yake bafta, na kwenye pembe ya bafta ukindu mwekundu. Hakuna mtu anayelakiwa na sanda yake mwenyewe akaendelea na safari. Faki alishusha tanga na kugeuza mashua, na dharuba ilipovuma walikuwa tayari nyuma ya kilima, wamelowa, wazima.

Mize alimkuta ameketi mchangani, viatu mkononi. Alimgusa uso, mabega, mikono, akihakikisha. Alicheka na kulia pamoja, akamtukana kidogo, akashukuru. Faki aliomba arudishiwe sanda yake, kama ilivyo haki ya aliyerudi.

"Imebaki huko huko," Mize alimwambia. "Umekwisha kuitumia."

Na tangu siku hiyo bahari huvaa bafta nyeupe za povu upepo unapokaza, chache kwa upepo wa kadiri, nyingi kwa upepo mkali. Na hapo Shungu hakuna nahodha anayeuamini moshi wa jikoni. Hupanda kwanza kilimani kutazama pwani ya nje, naye akishuka watu humwuliza, "Imevaaje leo?" Akijibu kuwa imevaa zote, tanga hukunjwa, mtu akarudi kwake kula, wala hapana anayemwita mwoga.

Lile kasha lipo mpaka sasa. Wajukuu wa Mize hulitumia kuwekea mahindi.