Jezi ya Kumi na Mbili

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo nawapeleka uwanjani, ila si kwenye mpira wenu huu unaowafanya mnuniane kila Jumatatu. Huu unaitwa besiboli. Mtu anarushiwa kampira kadogo, anakapiga kwa rungu, kisha anatimua mbio kuzunguka vituo vinne. Akikanyaga cha nne, timu imepata pointi. Mmenielewa? Na akina mama kule nyuma? Haya.

Kulikuwa na kocha mmoja aliyekuwa na jezi kumi na mbili za msimu mpya. Kumi na moja zilishapata wenyewe. Iliyobaki iligombewa na vijana wawili.

Wa kwanza alikuwa pande la mtu. Akiupata mpira, mtautafuta kwenye mashamba ya watu. Wa pili alikuwa mwembamba, tena kiraka: leo anazibia kituo cha pili, kesho cha tatu, popote penye pengo. Rungu lake lilikuwa halikosi mpira, lakini mpira wenyewe haukwenda mbali. Kocha alikuwa mtu wa daftari, na alijivunia daftari lake. Jina la kiraka alishalipitishia mstari wa penseli.

Siku ya majaribio, pande la mtu akapiga mpira ukagonga ukuta, akakimbia mpaka kituo cha tatu, akasimama hapo akihema. Ikafika zamu ya kiraka. Wenzake wakapiga kelele, "Vuta kwa nguvu! Mwalimu anakuangalia!" Yeye akaugusa tu, ukabiringika chini upande wa kulia. Wapinzani wakauokota, wakauwahisha kituo cha kwanza kabla yeye hajafika, na kwa sheria yao hapo umetolewa. Lakini walipokuwa wanahangaika naye, yule wa kituo cha tatu alishaingia cha nne.

Kocha akaandika: *Ametolewa.* Kisha akamwita.

"Kijana, hii jezi huitaki?"

"Naitaka sana, mwalimu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Sasa mbona hukupiga wa mbali?"

"Ningeweza kuukosa. Na mwenzangu alikuwa amebakisha kituo kimoja."

"Huyo mwenzako ndiye mnayegombea naye jezi!"

"Najua, mwalimu. Sasa ningemwacha pale?"

Kocha akaenda pembeni, akafunua daftari la msimu uliopita. Mbele ya jina la kiraka alikuwa ameandika *Ametolewa* mara kumi na moja. Safari hii akasoma na mistari inayofuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mara nane kati ya hizo kumi na moja, kulikuwa na mwenzake aliyeingia cha nne. Kocha aliona haya, kisha akafurahi kama mtu aliyezitafuta funguo nyumba nzima akazikuta mfukoni mwake. Akaomba kifutio.

Jezi akapewa kiraka. Ilishonwa kwa kipimo cha pande la mtu, ikampwaya kama kanzu ya kuazima. Na pande la mtu hakununa. Ndiye aliyemkunjia mikono ya jezi, na wote wawili wakacheka.

Naona mnatabasamu. Kila mmoja anajisemea moyoni, "Kiraka ni mimi huyo." Hapana, wapendwa. Polepole. Daftari liko mikononi mwa nani? Sisi ndio kocha! Ndugu anayepanga viti hivi kabla hatujafika, nani kati yetu anajua jina lake? Tunawapigia makofi wanaopiga mbali, halafu hatuulizi nani aliwaingiza.

Na wewe uliyesoma ukafika ulipofika, yuko dada yako aliyeacha shule darasa la sita ili ada ikutoshe wewe. Leo, akitajwa kwenye vikao vya ukoo, unasema, "Huyo maisha yalimshinda." Umeandika *Ametolewa*. Mstari unaofuata hujausoma, na mstari huo ni wewe.

Simu unayo mfukoni. Ibada ikiisha, kabla hujala, mpigie.