Vidole vya Nyamizi na Kibuyu Kinachong'aa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu, lakini haya, sukumeni kuni motoni niwasimulie.

Hapo zamani za kale, nyegere alipokuwa bado akiongea na watu, aliishi mama mmoja jina lake Nyamizi. Jamani, mama yule alijaliwa vidole. Aliipima asali ya nchi nzima kwa ncha za vidole tu, na neno lake halikupingwa. Kila mwaka, mrina asali aliyeleta kibuyu kizito kuliko vyote ndiye aliyepewa msitu wa kutundika mizinga.

Mwaka huo walibaki wawili: Nyegere, na Kabula, mjane mwenye watoto wanne. Kabula akiukosa msitu mwaka huu tena, itambidi ahame na wanawe.

Kibuyu cha Nyegere kilikuwa kinang'aa, kimepakwa mafuta ya nyonyo mpaka shingoni. Katika nchi ile, hiyo ilikuwa heshima kwa mpimaji. Cha Kabula kilikuwa kikavu, maana mafuta hakuwa nayo.

Nyamizi akainua kikavu, akashusha. Akainua kinachong'aa, akashusha. Akarudia, akarudia tena. Mara zote tatu, cha Nyegere kilikuwa kizito zaidi.

"Sema basi, Bibi," Nyegere akamhimiza. "Watu wana njaa."

Nyamizi akaitazama mikono yake. Vidole vilikuwa vinamuuma. Mbona kile kikavu amekishika kwa raha, na hiki amekibana kama anayekamata kambare?

"Nileteeni majivu," akasema.

"Ya nini tena? Mafuta ni heshima yako, Bibi."

"Najua, mwanangu. Ila heshima yako inateleza."

Akavipaka majivu vibuyu vyote viwili. Akainua cha Kabula. Akainua cha Nyegere. Safari hii hakikuteleza, hakuhitaji kukibana, na lo, kikawa chepesi kuliko cha mwenzake.

Watu wakashangilia. Nyamizi angeweza kuishia hapo, na nani angejua? Lakini mama yule, mimi namvulia kofia, alimgeukia Kabula mbele ya wote.

"Msitu ni wako," akasema. "Na mwaka jana pia ulikuwa wako. Mwenzako huyu alileta kibuyu chenye mafuta kama hiki, nami nikampa. Vidole vyangu ndivyo vilivyokudhulumu, mwanangu. Nisamehe."

Kabula alikuwa analia. Akaushika mkono wa Nyamizi, akaanza kuvifuta majivu vile vidole kwa upindo wa nguo yake, kimoja kimoja.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Asiyeamini akajaribu kwao, ila asivunje kibuyu cha mama yake.