Swala, Kuku, na Fisi Aliyengoja Uani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Enhee! Hapo zamani za kale, Swala alivunjika mguu wa nyuma akimkimbia Fisi. Akajikokota mpaka kwa Bi Mbodze, fundi wa kuunga mifupa. Fisi naye huyo, ulimi nje.

"Bi, huyo wangu!"

"Hapa ni mgonjwa wangu. Akitoka kwa miguu yake, mwache aende zake. Akishindwa, mchukue."

"Haya, tumeahidiana. Nitangoja," akasema Fisi, akaketi penye ua.

Sasa Bi Mbodze alikuwa na desturi: akiunga mguu wa mgonjwa, humvunja na kuku mguu, kisha huwafunga wote wawili vijiti vya gango. Kuku akitembea sawasawa, mgonjwa hufunguliwa.

"Jamani, mie nimekosa nini?" akalia Kuku.

"Hujakosa kitu, mama. Tulia." Ka!

Siku ya kumi Kuku akaanza kuchechemea. "Swala, inuka tujikongoje!"

"Nautunza mguu wangu."

Siku ya ishirini Kuku akachakura jalalani. "Swala, inuka!"

"Nautunza mguu wangu."

Siku ya thelathini Kuku akafunguliwa, akatimua mbio. Swala naye akafunguliwa, akasimama, akaanguka pu! Kule uani Fisi akacheka. Swala akajua ameliwa.

Bi Mbodze akaupapasa ule mguu, wala hakushtuka. "Mfupa umeunga vizuri, umesimama kama nguzo. Lakini nguzo haijisogezi. Nyama ndiyo kamba: ya upande huu ikijivuta, mguu unakunjika, ya upande ule ikijivuta, unanyooka. Kamba zako zimelegea kwa kulala. Fisi, niongezee siku saba."

"Hata kumi! Makombo unayonitupia matamu, sibanduki hapa."

Basi Kuku akawa mwalimu. "Kunja! Nyoosha! Tena!"

"Naumia!"

"Mimi nimevunjwa kwa ajili yako, nawe waniambia unaumia? Kunja!"

Kunja, nyoosha. Kunja, nyoosha. Kunja, nyoosha. Siku ya tatu Swala akasimama. Siku ya tano akazunguka jiko. Siku ya saba akaaga, akatoka mlangoni kwa miguu yake minne.

Fisi akasahau ahadi, akaruka amkamate. Wapi! Miguu ya nyuma ikakunjika, akakaa kitako mavumbini. Siku thelathini na saba hakuinuka pale, ila kunyoosha shingo kudaka makombo. Swala akamtazama mara moja, akachanja mbuga.

"Bi Mbodze! Nimevunjika, nifunge gango!"

Kuku kusikia gango, mbio juu ya paa.

"Shuka, mama," Bi Mbodze akacheka. "Huyu hajavunjika popote. Huyu amekaa tu."

Ndiyo maana mpaka leo Fisi anakwenda nyuma kumeinama.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na nyie mliokaa tangu jioni, hebu inukeni tuone!