Damu ya Twahira

Weka chini kikombe chako kwanza, maana leo nitaisema chai, na sitaki mtu aniunguze kwa hasira. Anayependa hadithi zinazokwisha kwa vigelegele na aende zake mapema. Hii inakwisha kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe nitawaachia ninyi.

Kijijini Kwetindi, huko milimani kwenye mashamba ya chai, walikuwako wanawake watatu. Mwajabu alijaliwa miguu: ukimtuma ng'ambo ya mlima asubuhi, adhuhuri yuko jikoni anauliza kazi nyingine ni ipi. Chausiku alijaliwa mdomo: hakuna swali aliloliona aibu kuliuliza, wala mkubwa aliyemfanya akimeze alichokusudia kusema. Sikitu alijaliwa mkono: alichopanda kiliota, na alichopika kililiwa hata na mgonjwa.

Watatu hao walikutana kwa Twahira, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mwajabu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Chausiku alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuja kumsaidia kazi. Na Sikitu alikuwa mke mwenzake. Nyumba zao zilipakana, lakini mwaka wa pili huo walikuwa hawasalimiani. Msiniulize kisa. Wake wenza hawakosi kisa.

Siku ya kwanza kliniki, nesi alimtoboa Twahira kidole, akatazama kipimo.

"Damu yako saba," akasema. "Nataka ifike kumi na moja kabla hujajifungua. Ukivuja na hii uliyonayo, mwanangu, nitakukosa."

Twahira alirudi nyumbani analia njia nzima. Dada mkubwa wa Twahira na Chausiku alifia uzazini kwa kuvuja damu, na Twahira ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Alijua vizuri nesi anasema nini.

Aliandikiwa vidonge vya kuongeza damu, kimoja kila siku. Lakini zahanati ya Kwetindi ilikuwa imeishiwa. Rudi wiki ijayo, akaambiwa. Wiki ijayo ikawa ile nyingine.

Hapo Mwajabu akafunga kanga. Alivuka mlima hadi zahanati ya pili, akakuta nako hakuna. Akateremka bondeni hadi ya tatu, akarudi na vidonge thelathini amevifunga kwenye pindo la kanga. Kila mwezi alikwenda hivyo hivyo. Masika yalipoingia aliteleza njiani, ukucha wa dole gumba ukang'oka, akaendelea kutembea. Mumewe akamwuliza, "Hivi wewe umekuwa tarishi wa nani?" Akamjibu, "Wa mtoto wa kaka yangu. Una barua?"

Twahira akameza vidonge sitini bila kuruka siku. Miezi miwili ikapita, akapimwa tena. Saba na nusu! Watu wakaanza maneno yao: vidonge vya bure havina nguvu, mwili wake umekataa, ukoo wao una mkosi. Twahira akaacha kula kwa hofu, na hilo nalo halikusaidia kitu.

Hapo Chausiku akafungua mdomo. Alimsindikiza dada yake kliniki, na wakati wanawake wengine wanatazama sakafu, yeye alisimama mbele ya meza.

"Nesi, huyu anameza kila siku na damu haipandi. Kosa liko wapi?"

"Anamezea nini?"

"Chai."

"Ya rangi?"

"Nyeusi tii. Inachemka tangu alfajiri."

Nesi akaweka kalamu chini. "Basi mnampa kwa mkono huu, mnampokonya kwa ule. Vidonge hivi ni madini ya chuma, na chai inayakamata tumboni kabla mwili haujayachukua. Kahawa vivyo hivyo, na maziwa pia. Ameze kwa maji. Chai isubiri hadi saa mbili zipite."

Ni rahisi kulisema hilo zahanati. Kalisemeni Kwetindi, basi! Bi Mwanamvua, mama mkwe wa Twahira, alichuma chai miaka thelathini. Alijenga kwa chai, akasomesha kwa chai. Nyumbani kwake kila dawa ilimezewa chai, iwe ya malaria, ya minyoo au ya kichwa, na aliyeikataa chai yake alikuwa amemkataa yeye.

"Shikamoo, mama," Chausiku akamwambia. "Nesi amesema dada asimezee chai."

"Marahaba. Huyo nesi amezaliwa lini?"

"Hilo sijui, mama. Kipimo chake ndicho ninachokijua."

"Mimi nimezaa wanane kwa chai hii hii."

"Na umezika wangapi, mama?"

Ndiyo, alikosa adabu. Mimi pia ningemwambia amekosa adabu, kisha ningemwomba aseme tena. Bi Mwanamvua alimimina kikombe, akamwekea Twahira mkononi pamoja na kidonge. Chausiku akakichukua kile kikombe, akaenda kuimwaga chai uani mbele ya wakwe wote. Siku hiyo hiyo akafukuzwa.

Hakuondoka. Alihamia kwa jirani, na kila asubuhi akaja kukaa nje ya mlango na jagi la maji mapajani, hadi kidonge kishuke. Wakapita waliomtukana, wakapita waliomcheka. Mwezi uliofuata damu ikasoma nane na nusu.

Mnadhani tumefika? Sasa vidonge vyenyewe vikamgeuka Twahira. Chai ilikuwa inaficha ladha ya chuma. Kwa maji matupu, na tumbo tupu, alisikia kichefuchefu na kutapika mpaka machozi. Choo nacho kikawa cheusi, akaogopa, akaona aibu kumwambia mtu. Akaanza kukificha kidonge chini ya ulimi, na Chausiku akishaondoka anakwenda kukitema kwenye jalala la majivu.

Aliyemwona ni Sikitu, kupitia ua wa mibuni. Angenyamaza, nani angemlaumu? Mwenzake aliyemnyima salamu alikuwa anajidhuru kwa mkono wake mwenyewe. Alikaa na siri hiyo siku nzima. Kesho yake asubuhi aliuvuka ua akiwa na kiazi cha kuchemsha, mapera mawili, na maji yaliyokamuliwa ndimu.

Twahira akavitazama vile vitu. "Umetia nini?"

Sikitu akauma pera, akatafuna, akameza. Akapiga funda moja la maji. "Nimetia mate yangu. Haya, kula kwanza. Tumbo tupu halipokei mgeni."

Twahira akala. Akakimeza kidonge kwa maji ya ndimu, na kikakaa. Sikitu akaja kila asubuhi tangu siku hiyo, mapera yakiisha analeta machungwa, na ndiye aliyemsukuma akamwambie nesi habari ya choo. Nesi akacheka: weusi ule ni chuma tu, hauna madhara. Na hayo mapera na ndimu, akasema, ndiyo yanayousaidia mwili kukipokea chuma. Kliniki ya mwisho, damu ikasoma kumi na moja.

Twahira alijifungua mtoto wa kike pale zahanati Jumanne mchana. Kisha akavuja. Alivuja kama dada yake, Chausiku akiwa amemshika mkono kama yeye alivyomshika yule. Nesi akapambana hadi damu ikasimama. Alipotoka nje kunawa mikono, akasema, "Angekuja hapa na ile saba, sasa hivi mngekuwa mnatafuta sanda."

Siku ya saba nyumba ilijaa. Bi Mwanamvua, ambaye kutoa jina ilikuwa haki yake, alisimama na kadi ya kliniki mkononi.

"Nilikosea, na nimeona," akasema. Mwanamke yule kusema hivyo, jamani! "Mtoto ataitwa kwa jina la aliyemwokoa mama yake. Ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mwajabu. "Bila miguu yangu hakukuwa na kidonge. Mngekataza chai, mngekula mapera, na damu ingebaki saba."

"Ulileta sitini, wifi, na vyote vikapotelea kwenye chai," akasema Chausiku. "Mdomo wangu ndio uliovifanya viwe dawa."

"Na baada ya mdomo wako vikawa vinaishia jalalani," akasema Sikitu. "Wewe ulilinda mlango. Mimi ndiye niliyeona anachotema."

Sauti zikapanda. Ndipo Twahira, aliyekuwa amelala na mtoto kifuani, akainuka akaketi.

"Mmeleta, mmesema, mmepika. Ahsanteni. Na aliyemeza ni nani?" Akawatazama mmoja mmoja. "Ni mimi niliyetapika nikameza tena. Niliyetema na kurudi. Mtoto na aitwe Twahira."

"Mtu hujipa zawadi mwenyewe?" akafoka Chausiku.

"Mwili ulikuwa wa nani?"

Bi Mwanamvua ameshika kalamu juu ya kadi, na mkono umemganda hapo.

Nawajua ninyi. Mtasema wote wanne. Kadi ina mstari mmoja, na mtoto hawezi kuitwa kwa majina ya ukumbi mzima. Mtasema ni Mungu. Mungu tulimshukuru Jumanne ile ile. Mimi nauliza habari za binadamu. Usiniambie pia kwamba jina ni jina tu, maana kwa kuandika moja utakuwa umewaambia watatu kwamba uhai huu ungewezekana bila wao, na utawaambia machoni.

Haya, mtoto analia na hana wa kumwita. Ichukue wewe hiyo kalamu. Unaandika nani?